Kwacha za Kwenye Kibuyu cha Mbegu

Mama yangu hakuiamini shilingi. Ubaya wa shilingi, alisema, ni kwamba kijiji chetu kizima cha Hasamba kinajua kuila. Ukiwa nayo ndani, huyu kafiwa, yule anaumwa, mwenye duka anakumbushia sukari, na baba yangu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambia mtu hapana, anaitoa. Mwaka mmoja aliuza kahawa yetu ingali mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, ili maiti ya mtu ambaye hata ukoo wetu si wake isafirishwe kwao. Mama alilisema jambo hilo miaka na miaka, hasa baba akiwa anakula.

Tangu hapo akabuni dawa yake. Maharage aliyapeleka Tunduma, mpakani, akawauzia Wazambia, na kwacha walizomlipa hakuzibadilisha. Tunduma kwacha ni pesa tu, unanunulia hata vitumbua, lakini ukishapanda huku kwetu hakuna duka linaloipokea. Ukiwa nayo huwezi kuila, wala hakuna atakayekuja kuiazima. Alizifunga kwenye nailoni, akazishindilia ndani ya kibuyu cha mbegu juu ya dari la jiko, akaniambia mimi peke yangu, "Hii ni ada yako. Baba yako asijue."

Nami nikawa mwaka wa mwisho kwenye chuo cha ualimu cha binafsi. Njia za kulipa ada zilibandikwa ubaoni utadhani tunachagua vitenge: lipa yote kwa mkupuo, au lipa kwa awamu mbili. Zote kupitia benki. Mhasibu hakutaka kuona noti mkononi mwako wala pesa kwenye simu, alitaka risiti ya benki yenye muhuri. Awamu ya kwanza nililipa. Ya pili nikawa naisogeza mbele, nikikiachia kibuyu dakika ya mwisho. Niliomba muda, nikapewa. Nilipoomba tena, mhasibu alivua miwani. "Binti, mtihani wa mwisho ni Jumatatu. Bila risiti, ukumbini huingii. Utarudia mwaka, na huo mwaka nao una ada yake." Nilimchukia mtu yule, nisidanganye.

Ilikuwa mwezi wa tano. Huku kwetu mwezi wa tano mali yote iko shambani na hakuna hata moja unayoweza kuiuza: mahindi hayajakauka, kahawa bado ya kijani. Wenzangu walilia mabwenini. Mimi nilikwenda nyumbani kifua mbele kwa sababu nilikuwa na kibuyu.

Ijumaa asubuhi nikawa Tunduma, pale wanaposimama vijana wa kubadilisha pesa. Yule niliyempa furushi alilifungua, akaita mwenzake aje aone.

"Awe, sista, hapana!" akasema. "Hizi si zilishakufa? Zambia walikata sifuri tatu kwenye pesa yao, wakatoa noti mpya. Mlikuwa wapi nyinyi?"

Tulikuwa Hasamba, na ndiyo kosa letu. Goti la mama lilikuwa limemkatisha safari za Tunduma muda mrefu. Habari ya sifuri aliisikia redioni, akasema sifuri ni mambo ya walimu, pesa ni pesa. Na mimi, mwalimu mtarajiwa, nilicheka naye.

"Basi nipe chochote," nikamwambia.

Akanitajia bei ya sahani mbili za wali. Nilimtukana, naye hata hakukasirika. "Imekula kwenu, sista," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Nikavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, nikaingia benki. Karani alinijibu kwa upole, na upole ule ulinikata maini kuliko matusi: muda wa kuzipokea pale umepita, labda benki yao kuu, Lusaka. Lusaka! Saa hiyo ilikuwa saa saba mchana. Nilirudi mpakani nikasimama katikati ya malori, nina furushi la pesa mkononi, na nchi zote mbili hazilitaki. Nilishikwa na hasira hata machozi yakagoma kutoka. Kurudi chuoni siwezi, kwenda Lusaka siwezi, na nyumbani nitamwambiaje mama?

Nilimwambia hivyo hivyo, jikoni, nikalibwaga furushi kwenye mkeka. Mama aliketi. Alianza kuzinyoosha noti moja moja, kana kwamba zikinyooka zitafufuka. Baba akaingia, na sote wawili, kwa mazoea, tukavuta kanga kulifunika furushi.

"Acheni kuficha," akasema. "Zimekataliwa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaichukua kofia yake akatoka.

Alirudi na mnunuzi wa kahawa. Wakazunguka shamba jua likizama, mnunuzi akishika matawi na kuguna, baba akimfuata nyuma. Kahawa yote ikaenda ikiwa mbichi, kwa nusu ya bei na chini yake. Mama alisimama mlangoni, jambo alilolisema miaka yote likifanyika mbele ya macho yake. Jumamosi baba na mimi tulifika benki karibu na saa ya kufunga. Alinikabidhi pesa mbele ya dirisha. Nikapata risiti. Jumatatu nikaingia ukumbini.

Nilipomaliza mitihani nilirudi nyumbani, kahawa imeiva. Mnunuzi alikuwa amekuja kuvuna mali yake, anatafuta vibarua wa kuchuma. Vibarua wenyewe walikuwa baba na mama. Wanalipwa kwa debe, ndani ya shamba lao. Jamani, iliniuma! Nikachukua kikapu nami nikaingia.

Tulichuma miti kadhaa. Mwishowe nikashindwa kuvumilia. "Baba, ulijua kuhusu kibuyu?"

"Kibuyu cha mbegu huteremshwa na nani wakati wa kupanda?" akauliza. "Nimekiteremsha miaka yote, natoa furushi, natoa mbegu, narudisha furushi."

"Kwa nini hukusema?"

"Mngelihamisha," alisema. "Mama yako angehangaika kutafuta pengine pa kunificha, na goti lile."

Mama alikuwa kwenye mti wa pili. Mkono wake ulisimama kwenye tawi, kisha ukaendelea kuchuma.

Jioni mnunuzi alimlipa kila mmoja chake. Mama alifundua pindo la kanga kama kawaida yake, akalitazama, akalifunga tena likiwa tupu. Akamwendea baba, akampa zile shilingi zote mkononi.

"Tutunzie," akamwambia.

Baba alizipokea kwa mikono miwili.