Hitima Yangu Nikiwa Hai

Habari za kifo changu nilizipata Al Mansoura, mtaa wa Doha, siku ya Ijumaa, nikiwa nakula wali kwa samaki.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani mtaa mwingine, Muaither, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya kutoka. Sisi Watanzania tulizoea kukutana chumbani kwa dada mmoja wa Kondoa anayefanya usafi hotelini. Yeye anapika, sisi tunachangia, na tunazungumza lugha yetu mpaka jioni. Siku hiyo alikuwapo msichana mgeni, hajamaliza hata mwezi tangu atoke nyumbani. Akasema anatoka mkoa wa Tanga, na alipotaja kijiji chao nikafurahi, maana kinapakana na chetu. Nikamweleza mimi ni binti wa nani na nyumba yetu iko wapi. Akaacha kula.

"Dada," akasema, "wewe si ulifariki?"

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani kanifananisha na mtu. Yeye hakucheka. Akaeleza taratibu, macho chini, kwamba mama yake mdogo ameolewa kijijini kwetu, na kwamba mwaka uliopita walikwenda pamoja kwenye hitima ya binti aliyefia Uarabuni akazikwa hukohuko. Ilisomwa kwenye nyumba ya bati la bluu, karibu na kisima. Walikula pilau. Mama wa marehemu alikaa mkekani amejifunika khanga, hasemi kitu.

Nyumba ya bati la bluu niliijenga mimi, kwa ajili ya mama.

Mama yangu ni mjane. Miguu yake huvimba, na presha haimwachi. Kabla sijaondoka alikuwa kwenye orodha ya serikali ya kaya maskini. Alipata fedha kidogo kila baada ya muda na, kubwa kuliko hiyo, alitibiwa bure kama mzee asiyejiweza. Wakati ule alikuwa akiishi katika nyumba ya udongo iliyolalia upande mmoja. Nilipofika Doha, karibu kila nilichopata kiliingia kwenye ile nyumba mpya: msingi, matofali, bati, na mwisho vigae vya sebuleni, kwa sababu nilitaka akanyage mahali safi. Siku aliyohamia nililia kwa furaha huku napiga pasi kanzu za watu.

Halafu orodha ikapitiwa upya. Wajumbe walikuja, wakatazama vigae, wakauliza watoto wako wapi, wakamkata kwenye orodha. Mwanamke mwenye nyumba kama ile na binti Uarabuni si maskini, basi. Hakuna aliyeuliza kama vigae vinaliwa, au kama vinashusha presha. Nilikuwa namtumia hela ya dawa, lakini ukafika wakati nikabadili mwajiri na kukaa muda mrefu bila mshahara, na mama akaanza kumeza kidonge leo na kukiruka kesho. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni alilolifanya kaka yangu.

Nilimpigia palepale, nimesimama kwenye ngazi za lile jengo la Al Mansoura. Hakukataa. Alinieleza kwa sauti ya mtu aliyetumia akili kwamba alikuwa anailinda nyumba. Alikuwa amewauliza watu wanaojua mambo ya ofisini, wakamwambia kwamba maadamu nyumba ni ya mama na yuko mtoto anayeleta fedha kutoka nje, mama hatarudi kwenye orodha. Na bila huo msaada, iko siku mama atalazwa na nyumba itauzwa kulipa hospitali. Kwa hiyo akaihamishia kwenye jina lake mwenyewe mbele ya serikali ya kijiji, ionekane mama anakaa pale kwa hisani tu. Na mtoto wa Uarabuni akasema amefariki.

"Yalikuwa maneno ya ofisini tu," akasema. "Sikujua kama yatasomwa mkutanoni."

Yalisomwa. Kila kaya inayoombewa msaada husomwa mbele ya kijiji kizima ili watu waseme kama ni kweli. Mama yangu alikaa pale chini akamsikiliza mwenyekiti akisoma kwamba yeye ni mjane, ni mgonjwa, hana nyumba, na binti aliyekuwa akimtunza amefariki. Watu walioniona nikikua wakamgeukia na kumpa pole. Jioni majirani wakaja na unga na sukari. Ilipofika hapo, hitima haikuepukika.

"Na wewe ulikuwapo?" nikamwuliza.

"Mimi ndiye niliyechinja mbuzi," akasema.

Nilimkatia simu.

Kesho yake nilizungumza na mama. Kwa muda mrefu alikuwa ameniomba nisimpigie mchana, nami nikidhani ni matatizo ya mtandao. Kumbe mchana majirani wapo. Nikamwambia nimejua yote, na nikamwuliza aliwezaje kukaa kwenye ule mkeka.

"Ningesema nini, mwanangu?" akasema. "Ningesema kaka yako mwongo, wangemfunga. Nikanyamaza. Wao wakikuombea maghufira, mimi nikawa nakuombea uzima moyoni."

Akaongeza kwamba amerudishwa kwenye orodha, dawa sasa anazipata na miguu imepungua uvimbe. Kisha, kwa sauti ndogo, akaniuliza kama naweza kuahirisha kurudi nyumbani likizo, mpaka watu wasahau. Mpaka wasahau nini? Kwamba nilizaliwa? Sikumwuliza hivyo. Ni mama yangu. Lakini nilibaki na swali hilo.

Katika nyumba niliyofanyia kazi kulikuwa na bibi, mama mzazi wa mwajiri wangu. Muuguzi alikuja hapohapo nyumbani kumpima, dawa zikaletwa mlangoni. Hakuna aliyemwuliza ana nyumba ngapi wala watoto wangapi. Hakuna aliyelazimika kufa ili bibi apate kidonge. Simlaumu, alikuwa mtu mwema akiniita binti yangu. Lakini wiki zile nilikuwa nikimkanda miguu huku nimeuma meno.

Labda ningeendelea kuwa marehemu. Ila siku moja mama akaponyokwa na maneno kwamba analala chumba cha nyuma, kile nilichokijenga kwa ajili ya kuni na magunia. Kaka alikuwa amehamia mbele na mkewe na watoto. Alimwambia mama kwamba mwenye nyumba lazima aonekane ndani ya nyumba, wajumbe wasije wakatia shaka.

Niliomba likizo. Sikumwambia mtu.

Niliingia kijijini saa za mchana, kwa makusudi. Kisimani walikuwapo wanawake wamesimama na ndoo. Nikaenda kwa mmoja mmoja, nikawaamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika. Wawili waliitikia. Mmoja alishika mdomo, akaketi chini. Mama nilimkuta kwenye chumba cha nyuma amekaa ukingoni mwa kitanda. Alinikumbatia kwanza, kisha akatazama mlangoni kuona nani ameniona.

Siku iliyofuata nilikwenda na kaka ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, lakini mtendaji alikuwa mtu mchovu, wala hakunibishia.

"Mimi naandika ninachoambiwa," akasema. "Nikiandika nyumba ni ya mama yako, anakatwa. Nikiandika ni ya kaka yako, anabaki. Sasa unataka niandikeje?"

Nikamwambia aandike kwamba mama ni mzee, ni mgonjwa, ana nyumba, na ana binti aliye hai, yote kwa pamoja, maana yote ni kweli. Akatikisa kichwa.

"Kwenye fomu hakuna pa kuandika hivyo," akasema.

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kaka yangu ni mwongo, lakini alikuta mlango unaofunguka kwa uongo tu.

Wazee wa ukoo walikaa naye, akarudisha nyumba kwenye jina la mama. Alihama kwa hasira akisema nitamwua mama kwa kiburi changu. Mama akarudi chumba cha mbele. Jina lake likaondolewa kwenye orodha, na kadi yake ya matibabu haikupokelewa tena. Nikarudi Doha kufua na kupiga pasi, na kutuma hela ya dawa.

Juzi hela ilichelewa, akaruka vidonge tena. Nilipompigia, miguu ilikuwa imeshavimba. Nikamwuliza lile nililokuwa nimelikwepa tangu mwanzo: kama angependa ningebaki nimekufa.

"Nilitaka vyote viwili," akasema. "Wewe, na dawa."

Hakuwa amekosea. Nilimwambia nitatuma kesho, nikaenda kuanua nguo zilizokuwa zimekauka.