Fundi wa Taa wa Kabale

Fundi wa taa za pikipiki pale Kabale hagusi skrubu kabla ya kukipulizia pumzi kioo cha taa na kukifuta kwa pindo la shati. Kisha hufunga mlango wa banda, giza liingie mchana kweupe, na kuuliza kwa sauti yake ya puani: “Mzigo wako uko wapi?” Wabeba viazi huja na magunia yao, maana pikipiki ikilemewa nyuma, taa hutazama juu. Tumwine, ambaye humpeleka mkunga milimani usiku, alikuja peke yake akarudishwa. Akaja na mkunga mwenyewe.

“Kwa hiyo mzigo ni mimi?” mkunga akafoka, akajitupa kwenye kiti cha pikipiki nyuma ya Tumwine. Mwanga wa balbu mpya ukauruka mstari wa chaki ambao fundi huuchora ukutani kuwa kipimo, ukaenda kutua darini.

“Unawamulikia popo, bwana,” fundi akasema, akikaza skrubu polepole, ncha ya ulimi nje, mpaka mwanga ukashuka ukalala juu ya mstari.

“Basi leo kwenye kona nitafumbua macho,” mkunga akasema.

“Kumbe hufumba?” Tumwine akageuka. “Nilidhani unasali, mama.”

“Nasali pia! Nakuombea wewe!”

Fundi akacheka hadi machozi, akayafuta kwa pindo lilelile la shati.