Bendera ya marehemu mbele ya TV

Basi nikaipunga ile bendera, jamani, sebuleni kwangu huku ughaibuni, Sparkbrook, mbele ya TV.

Nasema na simu inaandika yenyewe, mtanisamehe.

Mimi bado niko edani, sitoki. Binti yangu Zuhura akaniwekea video za treni za Japani, zile marehemu babake akizipenda.

Kuna stesheni moja huko, mji mdogo, reli yagawanyika njia mbili. Zamani injini za makaa zikilala pale, watu tele. Kisha abiria wakapungua, njia moja ikafungwa.

"Kama Voi yetu," marehemu akisema. Maana yeye ndiye aliyekuwa akizipungia treni bendera pale Voi. Ile ya mwisho ya Taveta aliiaga peke yake, hakuja mtu.

Leo ikaonyeshwa treni ya mwisho ya njia ile ya Wajapani iliyofungwa. Mji mzima umetoka kupunga vitambaa. Mzee wa stesheni kainama mpaka treni imepotea.

Nikaenda kabatini, nikaitoa bendera yake ya kijani. Nikapunga.

"Mama, hiyo treni ishakwenda zamani."

"Najua, mwanangu."

Zuhura ndiye aliyelia.

Mimi tangu mazishi sijatoa chozi, na leo pia halikuja. Mkono tu umechoka.

Wajane wenzangu, kwenu ilikuwaje? Niambieni.

Ngojeni, naitwa.

"Mama, njoo! Nimeirudisha mwanzo. Njoo na bendera."

Haya, nakwenda.