Iliyopitiwa, Si Iliyopita

Zeituni binti Bakari hakuwa mtu wa kuandikwa gazetini, na wala hakutaka. Baba yake alikuwa fundi cherehani hapo Kaloleni, Kisumu. Alimaliza kidato cha nne, akaajiriwa kutoboa kadi za kulisha kompyuta katika ofisi ya kiwanda kimoja cha sukari, na kufikia mwaka 1973 ndiye pekee aliyeijua kompyuta ya pale ndani na nje. Cheo cha mkuu wa kompyuta, lakini, alikuwa nacho Bwana Absalom. Bwana Absalom alikuwa na tai.

Nani alimpa cheo hicho, msiniulize mimi. Alikuwa na cheti cha mafunzo ya wiki sita, amekitundika ukutani mahali ambapo hata mpita njia angekiona dirishani. Kompyuta yenyewe aliiheshimu kama mama mkwe: hakuisogelea.

Kazi ya kompyuta hiyo ilikuwa kuchapa, kila Jumatatu, orodha ya mashamba ya kukatwa miwa. Matrekta yalifuata orodha. Aliye juu anakatiwa, aliye chini anangoja. Kwa miwa ya kawaida kungoja si neno. Lakini miwa ikishika moto ina siku chache tu kabla haijachacha, na ikichacha kiwanda hakiitaki tena. Kwa hiyo ndani ya programu kulikuwa na mstari mmoja, wa 212, uliopaswa kupandisha miwa iliyoungua juu kabisa ya orodha. Programu ilikuwa mpya, na tangu ianze hakuna shamba lililokuwa limeungua.

Zeituni alikuwa ametengeneza kadi za majaribio. Kila kadi ilikuwa mkulima wa kubuni, na nyuma yake kadi ya pili yenye jibu lililotarajiwa. Kila Ijumaa mashine ilizisoma zote yenyewe, ikalinganisha, na palipo tofauti ikachapa KOSA. Watu walifurahi. Yeye hakufurahi. Alitaka kujua hizo kadi zinagusa mistari mingapi ya programu, na mingapi haijawahi kuguswa na kadi yoyote. Akakaa miezi mitatu, saa za chakula cha mchana, akitia kihesabio kwenye kila mstari, mpaka mashine ikaweza kuchapa ripoti: mstari huu umefikiwa mara tisa, huu mara nne, huu sifuri. Juu yake aliandika MISTARI ILIYOPITIWA. Asilimia tisini na sita. Katika ile iliyobaki na sifuri ulikuwemo wa 212.

Alimpelekea Bwana Absalom. Bwana Absalom akachukua kalamu nyekundu.

"Iliyopitiwa ni Kiswahili gani? Andika iliyopita."

"Bwana, kupitiwa si kupita kama kupita mtihani," Zeituni alisema. "Mstari umepitiwa, yaani mashine imefika pale. Kama ilichofanya pale ni sawa au si sawa, hii ripoti haijui."

"Nyinyi watu wa Kaloleni mna maneno mengi. Wakurugenzi wanakuja kesho. Wakiona imepita wataelewa. Na hiyo sifuri iondoke."

"Ya 212 inataka jibu kutoka kwa maofisa wa mashamba: miwa iliyoungua ikatwe baada ya siku ngapi. Barua nimeandika, iko kwenye trei yako wiki ya tatu sasa."

"Weka kadi tu ipite pale. Jibu litakuja."

Na hapa Zeituni naye simwachi. Alijua. Alijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile kwamba kadi isiyo na jibu ni kazi bure, maana mashine haina cha kulinganisha, inafika pale na kunyamaza. Lakini alikuwa amechoka kubishana na tai, akatoboa kadi ya mkulima aliyeunguliwa na miwa, nyuma yake hakuweka kitu. Mistari mingine ya sifuri aliijaza hivyo hivyo. Mashine ikapita, ikanyamaza. Asilimia mia moja.

Wakurugenzi walipiga makofi, hawajui wanachopigia. Bwana Absalom akaitia ripoti kwenye fremu ya kioo, akaitundika kando ya cheti chake. Kisha akatoa amri: zamani Zeituni alikuwa akiipitia orodha kwa macho kabla haijapelekwa kwa matrekta, sasa basi, ni kupoteza wakati. Kitu kimepita mia kwa mia, unakikagua cha nini?

Barua ikabaki kwenye trei.

Mwezi wa pili, jua kali, moto uliruka kutoka shamba la jirani ukaingia kwa Mama Seline, mjane wa upande wa Kibos. Ekari mbili, zote alizokuwa nazo. Akapiga ripoti siku ile ile, karani wa mashamba akaijaza, kadi ikatobolewa, Jumatatu orodha ikachapwa. Alikuja ofisini baada ya siku kumi na moja, kwa miguu, na kipande cha muwa mkononi. Akakiweka juu ya meza ya Bwana Absalom. Kilinuka siki.

Bwana Absalom hakukigusa. Alinyoosha kidole ukutani.

"Mama, kosa si letu. Tazama, imeandikwa. Mashine yetu imepita asilimia mia moja."

Mama Seline aliitazama ile fremu.

"Imepita?" aliuliza. "Imepita siku gani, Bwana? Kwangu haijapita. Nimekaa kando ya barabara nikiingoja, mchana kutwa, siku kumi na moja."

Hakuwa akifanya mzaha; mashine aliyoijua yeye ni trekta. Zeituni, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona aibu, akasogea mezani.

"Mama," alisema, "miwa ikiungua, inafaa ikatwe baada ya siku ngapi?"

"Tatu. Nne ukichelewa sana. Nani hajui?"

Basi hilo ndilo jibu lililongojewa kwa barua. Zeituni alikaa kwenye mashine ya kutobolea, akatoboa kadi ya jibu: shamba lililoungua, la kwanza. Akaichomeka nyuma ya ile kadi iliyokaa peke yake tangu siku ya wakurugenzi, akailisha mashine kadi zote. Mashine ikasoma, ikafika mstari wa 212, ikachapa KOSA. Walioandika programu walikuwa wameugeuza mstari ule. Badala ya kuipandisha miwa iliyoungua, uliitupa mwisho kabisa.

"Inasema nini, nyathina, mwanangu?" Mama Seline aliuliza.

"Inasema haikupita, Mama. Tena kadi hii nilipaswa kuiweka tangu mwanzo. Kosa ni langu pia."

Mama Seline alijifunga leso yake vizuri. Kile kipande cha muwa alikiacha pale pale mezani.

"Si ndiyo hayo," alisema, "nimetembea kutoka Kibos kuja kuwaambia."