Ndege Niliyedai Kuwa ni wa Kwetu

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, komini, yaani serikali ya mtaa, ilinipeleka kufagia vizimba katika kituo cha kuokoa wanyama, pembezoni mwa Brussels. Nilijiona nimeshushwa. Nilikuwa na diploma ya ualimu kutoka Bukavu, na sasa nilikuwa nakwangua mavi ya njiwa. Mkuu wa kituo, Mbelgiji wa umri wa mama yangu ambaye sote tulimwita Madame, alinisalimu kila asubuhi kwa heshima, lakini mimi nilitaka zaidi ya salamu.

Siku moja wakaleta ndege aliyekutwa amefungiwa jikoni, kwenye fleti moja ya Saint-Gilles. Alikuwa mweusi, koo jeupe, na mdomo wa rangi ya chungwa mkubwa kuliko kichwa chake. Mkia ulikuwa umekatika-katika. Madame akaniita.

"Wewe unatoka Kongo. Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu sana," nikasema. "Kwetu tunamwita hondohondo. Nimekua nikimwona msituni."

Uongo mtupu. Mimi ni mtoto wa mjini. Msitu niliuona nikiwa juu ya lori linalopita. Hondohondo nilimjua kwa hadithi za mjomba wangu, na tulikutana ana kwa ana mara moja tu, yeye akiwa ndani ya sufuria, hana hata mdomo.

Madame akatoa daftari. Akaandika kila nililosema: matunda anakula, ndiyo, lakini bila nyama anadhoofika. Mjomba alisema hivyo, au nilidhani alisema hivyo. Tangu siku ile nikawa mtu. Ufagio akapewa mwingine. Kila Jumamosi nilipitia Porte de Namur kununua maini ya ng'ombe, nikayakata vipande vidogo, naye ndege akavirusha juu na kuvidaka. Watoto wa shule walipotutembelea, mimi ndiye niliyewahadithia msitu, tena kwa kunogesha. Nilimpenda ndege yule, nasema kweli, na nilijipenda zaidi nilipokuwa kando yake.

Kisha akaja maman mmoja wa kanisani kwetu na wajukuu zake. Yeye alikulia msituni hasa. Akautazama ule mdomo upande huu na upande ule, akanivuta kando.

"Mon fils, ile haiko hondohondo. Hondohondo iko na kofia pale yulu ya mudomo. Ile ni ndege ingine kabisa. Ambia ule madame, alors aulize docteur."

"Ndiyo, maman."

Sikumwambia. Ningemwambia, ningerudi kwenye ufagio. Nikajipa moyo kwamba ndege ni ndege, na kesho yake nikakata maini kama kawaida. Niliendelea kuyakata kwa miezi miwili mizima. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na aliyeitembea ni ndege.

Akaacha kurusha chakula. Akawa anakaa chini, amevimba tumbo, anahema. Daktari wa wanyama alipouliza analishwa nini, Madame alimpa daftari kwa fahari. "Mwenzetu huyu anamjua. Ni ndege wa kwao."

Daktari akasoma, akalifunga daftari. Kisha akasema kwamba huyu ni tukani, wa Amerika ya Kusini. Mwili wake hauwezi kuondoa madini ya chuma yanayozidi, na maini yamejaa chuma. Ndege alikufa siku ya pili yake, mchana, mikononi mwa Madame.

Nilisubiri kufukuzwa. Nilitamani kufukuzwa. Badala yake Madame alikuja nilipokuwa naosha bakuli, akapindua ndoo, akaketi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kosa ni langu," akasema. "Wewe ulikosea kwa sababu wanafanana. Mimi ndiye niliyepaswa kumwita daktari mapema."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Maneno ya yule maman yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Nikayameza.

"Lakini yule wa kwenu," akauliza, "ulimwona kweli akiruka, akiwa huru?"

"Ndiyo, Madame."

"Nihadithie."

Nikamhadithia. Nilimweleza mpaka sauti ya mabawa.