Kasoro Huachiwa Mkubwa

Mjomba wangu kazini walikuwa wanamwita Pua. Si kwamba ana pua kubwa, ni pua ya kawaida tu, imebonyea kidogo katikati. Walimwita hivyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamlisha. Kampuni yao inaagiza wiski aina ya bourbon, inaihamishia kwenye mapipa yaliyowahi kubeba mvinyo mtamu, inailaza humo miezi kadhaa ili ifyonze harufu ya mbao, halafu inaijaza kwenye chupa na kuwauzia watu wenye hela kunizidi. Kabla haijaingia kwenye chupa lazima akae mtu anuse, aonje, ateme, aseme ipite au isipite. Mtu huyo alikuwa mjomba.

Halafu akaugua mafua. Mafua haya haya ya kila mtu. Yalipoondoka, yakaondoka na harufu zote za dunia.

Wa kwanza kujua ni mkewe. Alitoka kuanua nguo, akakuta maziwa yameungulia jikoni, sufuria nyeusi tii, na mume ameligeuzia jiko mgongo, anachezea simu.

"Wewe baba, hiyo pua umeiweka rehani?"

Mjomba akageuka, akauona moshi. Mke akaanza kucheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Na kazini wanajua?"

"Wakijua si ndiyo basi tena. Mimi najua kazi gani nyingine?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mjomba hakuficha maradhi, alificha pua, na aliificha kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inawezekana. Sasa nitawaambia aliwezaje, maana hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Kile chumba cha kuonjea kina desturi yake, na aliyeiweka ni mjomba mwenyewe enzi za uzima wake. Mdogo anaongea kwanza, mkubwa anamalizia. Sababu nzuri kabisa: mkubwa akitangulia, wadogo watamfuata kama kondoo. Lakini desturi ikaota mkia. Mdogo anataja mazuri tu. Kukiwa na kasoro, anainyamazia, anamwachia mkubwa aitaje. Ukiitaja wewe unaonekana unajua kuliko mzee. Hakuna aliyepiga kura, watu walizoea tu.

Mezani walikuwa wawili, mjomba na binti mmoja aliyemfundisha kazi tangu hajui kushika glasi. Binti ananusa, anasema nasikia vanila, nasikia ganda la chungwa. Mjomba anafumba macho, anazungusha glasi, anaongeza chumvi yake: "Chungwa lililokaushwa. Na tumbaku kwa mbali." Ulimi wake ulikuwa bado unampa utamu, uchungu na ule moto wa pombe. Yaliyobaki alikuwa anaokota mdomoni mwa binti na kuyavalisha suti. Mimi namwita tapeli, na ni mjomba wangu, nampenda.

Siku ikafika zikaletwa sampuli za kundi jipya la mapipa. Glasi ya mwisho binti akaivuta puani, akasita. Akaidondoshea maji kidogo, maana maji huifungua harufu, akanusa tena. Harufu ya maboksi yaliyolowa. Stoo iliyofungwa na mvua ikaingia. Pipa la mvinyo likikaa tupu bila kutunzwa, mbao zake hushika ukungu, na wiski ikilazwa humo inaubeba ukungu wote.

Binti akafanya alivyofundishwa.

"Nasikia zabibu kavu, Mzee. Na vanila. Na asali kidogo."

Akamtazama, akisubiri.

Mjomba akazungusha glasi. "Asali ya msituni," akasema. "Nzito. Ipite."

"Huna la kuongeza, Mzee?"

"Binti, kitu kizuri hakisemwi sana."

Binti aliniambia alichofikiri pale: labda pua yangu ndiyo mbovu leo. Mtu aliyekufundisha kunusa akikwambia hakuna kitu, utaamini pua yako au yake? Mimi ningeamini yangu. Lakini mimi sina adabu, kila mtu anajua.

Wiski ya pipa lile ikamiminwa kwenye tangi pamoja na ya mapipa mengine, mazima, mazuri. Pipa moja likawachafua wenzake wote. Meneja alipita siku ya kujaza chupa, akaomba aonje, na yeye si muonjaji, anapenda tu. Uso ukamkunjamana.

"Hiki nini? Mbona kinanuka kama kapeti lililolowa?"

Akawaita wote wawili. Wafanyakazi wa mashine wakasimama kusikiliza, mashine imezimwa. Meneja, daftari la kuonjea mkononi, akamgeukia binti, maana ndivyo ilivyo, lawama kama maji, inashuka.

"Wewe ndiye uliyetangulia kusema. Umesikia asali, sijui zabibu! Mzee wa watu akakuamini. Asali ndiyo hii?"

Sekunde ile binti akaelewa kwamba Mzee hanusi. Ule ukimya wake mezani, maneno yaliyokuwa yanarudi yamepambwa tu, yote yakajipanga. Angesema neno moja angepona. Ana mama yake anayemtegemea na mdogo wake yuko shule, na kazi ile hawaitangazi kila siku. Akamtazama mjomba vilevile alivyomtazama mezani.

Kasoro akamwachia mkubwa.

Mjomba anasema alitazama viatu vyake. Anasema alijiambia, nyamaza tu, binti bado mdogo, atapata kazi kwingine. Anasema alilipanga kabisa hilo kichwani, na ndilo linalomuuma mpaka leo kuliko yaliyofuata.

"Mwache," akasema mwishoni. "Yeye pua anayo. Mimi sina. Sinusi kitu tangu yale mafua."

Mmoja wa wale wa mashine akacheka akidhani mzee anatania. Akajikuta anacheka peke yake.

Walimtoa siku hiyo hiyo. Hakuna chai ya kuagana, hakuna hotuba. Wiski ya tangi zima ikamwagwa.

Sasa anashinda nyumbani. Mkewe hamwachi tena karibu na jiko. Juzi nilikuwepo binti alipokuja, kiti cha mjomba kazini amepewa yeye, akatoa kichupa cha sampuli kwenye mkoba.

"Nimekuletea uonje, Mzee."

"Utani huo, binti."

"Wewe shika."

Akamiminiwa. Akaipeleka puani kwa mazoea, akakaa nayo hapo kwa muda, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Haya, niambie," akasema. "Anza na kasoro."

"Imekaa kwenye mbao kupita kiasi. Inakauka mdomoni."

"Umemwambia Meneja?"

"Nilimwambia kabla hajakaa."

Mjomba akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akainywa, akameza. Binti akamtazama kwa mshangao, maana miaka yote ile mezani hajawahi kumwona akimeza. Muonjaji hutema.

"Nyingine ipo?" mjomba akauliza.

Mkewe, kule jikoni, akaacha kuosha vyombo.