Kihindi cha Latifa

Latifa, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa, sahani ya wali pembeni, hagusi.

"Kula, mwanangu," mama yake, Chamima, akambembeleza.

"Washa kwanza."

Chamima akafyonya. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba, na mtaani kwao Mocímboa da Praia hapakuwa na televisheni nyingine. Mumewe, Muhamudo, alirudi nayo kutoka Ujerumani, alikopelekwa na serikali kujifunza ufundi. Kisha binamu yake akamletea deki ya video kutoka Zanzibar. Sasa Muhamudo alikuwa fundi wa jenereta ya kooperativa ya wavuvi, na waya ulivutwa kutoka banda la jenereta hadi nyumbani kwake. Barafu ya samaki ikigandishwa, kwao umeme upo. Wenzake walipanga bicha, foleni ya kununua sabuni; yeye akitoka kazini, hata viatu havui, anatazama picha za ngumi na mateke.

Na kukaripia alijua. "Latifa, ondoka hapo, utaharibu macho!" Alisema hivyo bila kugeuza shingo. Mtoto alisogea hatua moja, akaketi tena.

"Baba Latifa, unamkataza nini, na wewe umeganda kama chaza mwambani?"

"Mimi nimechoka na kazi."

"Anafuata unyayo wako!"

"Ngoja kwanza, hapa ndipo penyewe."

Siku ya kupima watoto uzito, muuguzi Natércia, mgeni aliyeletwa kikazi kutoka Inhambane, alimwinamia Latifa akamuuliza jina lake. Latifa akamjibu kwa wimbo wa Kihindi, na mabega akayachezesha. Kina mama wakaangua kicheko: "Kwao kuna video!" Chamima alitamani ardhi ipasuke.

"Nani hukaa naye kwenye video?" Natércia akauliza.

"Baba yake, kamarada. Nimesema mpaka mate yamenikauka."

"Na baba yake hupenda nyimbo za Kihindi?"

Chamima akamwinua mtoto, akaaga. Muhamudo alipenda ngumi. Picha za Kihindi zilikuwa za Chamima mwenyewe, mchana, mumewe akiwa kazini, mtoto kampakata mapajani.

Njia nzima alirudi akijisonya. Alipofika nyumbani akachomoa waya wa deki, akaupeleka bandani, akamtupia Muhamudo mbele ya wenzake.

"Kaa nao huku. Utakuja nao Jumamosi, tutazame mara moja, basi."

"Na Kihindi chako?"

"Hata changu!"

Siku tatu nyumba haikukalika. Latifa alilia mpaka sauti ikampotea. Muhamudo alizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jumatano akaja na waya ndani ya shati. Chamima akamwonyesha njia kwa kidole, naye akageuka nao bandani. Chamima mwenyewe mchana alipata tabu, mikono haijui ishike nini. Maharage yakaungua mara mbili.

Siku ya nne, maji yalipokupwa, akamchukua mtoto pwani kuokota kombe.

"Mama, hiki nini?"

"Kombe."

"Na hiki?"

"Kaa."

"Mbona anakwenda upande?"

"Ndivyo alivyoumbwa."

"Kwa nini?"

Kufika saa sita Chamima alikuwa amechoka kuliko mtu aliyelima, kichwa kinamgonga, kapu halijafika nusu. Latifa akachuchumaa penye dimbwi jingine, akamwita tena. Chamima akashusha pumzi, akaenda kuangalia.